Jeti ndogo za redio: Uraibu wa mamilioni unaobeba hatari ya mauti

AKIWA mbali, mtazamaji anaweza kuapa kwamba anaona ndege halisi ya kivita. Inanguruma, inakunja magurudumu yake, inapaa wima, kisha inapinduka na kurejea ikipita kwa kasi juu ya uwanja huku ikiacha nyuma harufu ya mafuta taa. Ni pale inapotua, na mwenyewe kuiinua mkia na kuisukuma kama toroli, ndipo inapobainika kwamba haina rubani ndani. Aliyeirusha alikuwa amesimama kando ya uwanja muda wote huo, kisanduku cha redio kikining'inia kifuani.

Hizi ni ndege za mfano zinazosukumwa na injini za jeti na kuongozwa kutoka ardhini kwa mawimbi ya redio. Katika mataifa kama vile Ujerumani, Uingereza na Marekani, maelfu ya watu huzichukulia kuwa kilele cha uraibu wa kurusha ndege ndogo. Nyingi zina urefu wa mita mbili hadi tatu na uzito wa kilo 10 hadi 25. Hata hivyo, zipo zinazozidi hapo kwa mbali. Mfano mmoja wa Concorde uliojengwa barani Ulaya, kwa kipimo cha moja kwa sita ya ndege halisi, una urefu wa takriban mita 10, uzito wa karibu kilo 149 na injini nne.

Wasiozifahamu huziita vitu vya kuchezea. Lakini hakuna kitu cha kuchezea kinachogharimu bei ya gari, kikabeba lita kadhaa za mafuta na kukaribia kasi ya ndege ya abiria. Anayetaka kuingia katika uraibu huu hana budi kujiuliza maswali mawili kabla ya kufungua mfuko: Je, ataweza kugharimia? Na je, itakuwaje siku mambo yatakapoharibika angani?

Zilivyoanza

Kwa miaka mingi, waliotamani kurusha mfano wa ndege ya jeti walilazimika kuyahadaa macho. Ndani ya kiwiliwili cha ndege walificha pangaboi dogo lililozungushwa na injini ya pistoni. Umbo lilikuwa la jeti, lakini sauti ilikuwa ya pikipiki.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1983, wakati ndege ya mfano yenye injini halisi ya jeti, iliyotumia gesi ya propeni, iliporuka nchini Uingereza. Baadaye kampuni ya JPX ya Ufaransa ikaanza kuuza injini za aina hiyo kwa umma.

Aliyeufungulia umma mlango kikamilifu, hata hivyo, ni Mjerumani Kurt Schreckling. Alibuni injini aliyoiita FD3/64, ambayo fundi wa kawaida angeweza kuiunda katika karakana ya nyumbani. La kushangaza ni kwamba gurudumu la kushindilia hewa katika injini hiyo lilichongwa kwa mbao na kuimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Schreckling alieleza kazi yake katika kitabu, na katika miaka ya 1990 wapenzi wa ndege katika nchi mbalimbali walifuata mfano wake. Muda si muda, viwanda vikaingia, ikiwemo kampuni ya JetCat ya Ujerumani, vikiuza injini zinazojiwasha na kujidhibiti kwa kompyuta.

Jinsi injini inavyofanya kazi

Kimsingi, injini hizi hufanya kazi sawa na zile za ndege kubwa za zamani. Hewa huvutwa kwa mbele, ikashindiliwa na gurudumu lenye mapezi, kisha ikaingia katika chumba cha mwako ambamo huchanganyika na mafuta. Gesi moto inayotokea hulizungusha gurudumu la pili lililo nyuma, ambalo huliendesha lile la mbele, na kinachosalia hutoka kwa kishindo na kuisukuma ndege.

Tofauti kubwa iko katika kasi ya mzunguko. Injini ya ukubwa wa chupa kubwa ya maji huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika ikiwa imetulia tu. Ikifunguliwa hadi mwisho, hufikisha mizunguko 100,000, na zile ndogo zaidi hupita 150,000. Joto la gesi inayotoka nyuma hufikia nyuzi 600 au 700 za Selsiasi. Injini ya uzito wa kilo mbili na nusu inaweza kutoa msukumo wa kuinua zaidi ya kilo 20.

Mafuta yake ni mafuta taa, au yale ya ndege kubwa, yaliyochanganywa na kiasi kidogo cha oili, kwa kawaida asilimia tano. Oili hiyo ndiyo inayolainisha beringi. Mwenye ndege akisahau kuichanganya, injini haitadumu.

Kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya ndege hupima joto na kasi ya injini bila kukoma, na huamua ni mafuta kiasi gani yaingie. Ikigundua hitilafu, huizima injini yenyewe.

Hesabu ya gharama

Injini mpya yenye msukumo wa kilo 18 au zaidi huuzwa kwa maelfu ya dola za Marekani, mara nyingi kati ya dola 2,500 na 4,500. Kwa kiwango cha Sh130 kwa dola, hizo ni takriban Sh325,000 hadi Sh585,000, na huo ni mwanzo tu.

Kiwiliwili na mbawa, ambavyo hufinyangwa kwa nyuzi za kioo na za kaboni, vinaweza kugharimu sawa na injini au maradufu yake. Magurudumu yanayokunjwa, yenye breki na vifyonza-mshtuko, hununuliwa kando. Kila sehemu inayosonga kwenye mbawa na mkia huhitaji mota yake ndogo yenye nguvu, na jeti kubwa huweza kuwa na mota 10 au zaidi. Kuna redio ya kuongozea, vipokezi viwili ili kimoja kikifa kingine kiendelee, betri mbili kwa sababu hiyo hiyo, tangi, paipu na pampu.

Yote yakijumlishwa, jeti ya wastani iliyo tayari kuruka haipungui sana dola 10,000, yaani Sh1.3 milioni. Zile kubwa, zilizopakwa rangi na kupambwa hadi chumba cha rubani kikafanana na cha ndege halisi, hupita dola 30,000, sawa na Sh3.9 milioni. Hapo hayajahesabiwa maelfu ya saa ambazo mjenzi hutumia katika karakana yake.

Kisha kuna gharama za kila siku. Injini kubwa hunywa zaidi ya nusu lita ya mafuta kwa dakika ikiwa imefunguliwa kabisa. Ndege hubeba lita nne, tano au zaidi, lakini hukaa angani kwa dakika sita hadi kumi pekee. Watengenezaji hutaka injini irudishwe kiwandani kukaguliwa na kubadilishwa beringi baada ya saa kadhaa za kazi. Kwa injini nyingi za JetCat, muda huo umekuwa saa 25. Aidha, ndege ya mita tatu haiingii katika buti la gari dogo. Mwenyewe huhitaji gari la mizigo au trela.

Gharama ambayo wengi hawaihesabu ni ile ya kuanguka. Chukua mfano wa ndege ya dola 15,000 itakayoruka mara 100 kabla ya kuangamia. Kila safari ya dakika nane itakuwa imemgharimu mwenyewe dola 150, takriban Sh19,500, kabla ya kuhesabu mafuta. Bima zinazotolewa na vyama vya wapenzi wa ndege hizi kwa kawaida hulipia madhara yatakayowapata watu wengine na mali yao. Ndege yenyewe ikiteketea, hasara ni ya mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, wapo wanaotafuta injini na ndege zilizokwisha kutumika. Waswahili walinena kwamba rahisi inavunja upishi. Injini isiyo na kumbukumbu za saa ilizofanya kazi, au kiwiliwili kilichowahi kuanguka na kuzibwa nyufa kisha kikapakwa rangi, huweza kumletea mnunuzi hasara kubwa kuliko bei aliyokwepa.

Uzito na kasi

Hatari kubwa zaidi ya jeti hizi hutokana na mambo mawili yanayokutana: uzito na kasi. Ndege ya kilo 25 ikienda kilomita 320 kwa saa hubeba nguvu inayokaribia ile ya gari dogo la kilo 1,200 likienda kilomita 46 kwa saa. Tofauti ni kwamba gari lina breki na hufuata barabara.

Mnamo Septemba 14, 2017, Mjerumani Niels Herbrich aliweka rekodi ya dunia katika uwanja wa Ballenstedt nchini Ujerumani wakati jeti yake ilipofikisha kilomita 749.221 kwa saa. Ndege za kawaida za uraibu huu hazifiki huko. Lakini hata kwa kilomita 320, ndege husafiri karibu mita 89 kila sekunde. Rubani akipepesa macho au kuchanganyikiwa kwa sekunde moja, ndege itakuwa imeshapita umbali unaokaribia urefu wa uwanja wa kandanda.

Kuchanganyikiwa huko si nadra. Ndege ikiwa mbali huonekana kama kivuli, na mwangalizi anaweza kushindwa kutambua kama inamjia au inamwacha, imelala kifudifudi au chali. Inapomjia, mkono wa kushoto wa rubani huwa upande wa bawa la kulia la ndege. Ndiyo sababu katika mashindano na maonyesho rubani hukaa na msaidizi ubavuni, ambaye humsomea hali ya uwanja, upepo na muda wa mafuta.

Injini yenyewe ina tabia ambayo huwaponza waliozoea pangaboi. Rubani akisukuma kidhibiti ili kuongeza nguvu, hewa na mafuta huchukua sekunde kadhaa kabla ya msukumo kufika. Ndege inayokaribia kutua ikiwa imepunguza mwendo kupita kiasi haiwezi kuokolewa kwa ghafla. Itaanguka huku injini ikianza kunguruma.

Moto

Moto ni adui wa pili. Injini ikikataa kuwaka mara ya kwanza, mafuta yasiyoungua hujikusanya ndani yake. Jaribio linalofuata huweza kutoa mwali mrefu wa moto nyuma, na kuunguza mkia wa ndege kabla haijasogea hata hatua moja. Kwa hivyo wazoefu huinamisha ndege ili mafuta hayo yatoke, kisha hujaribu tena.

Kwa sababu hiyo, mtungi wa kuzimia moto huwekwa karibu kila injini inapowashwa. Ule wa gesi ya kabonidioksidi ndio unaopendelewa, kwani hauachi unga wala povu la kuiharibu injini.

Ndege iliyoanguka ni hatari zaidi. Tangi hupasuka, mafuta humwagikia chuma chenye joto la mamia ya nyuzi, nazo betri za lithiamu zilizobondeka huwaka zenyewe. Ajali ikitokea wakati wa kiangazi katika nyasi kavu, kinachoanza kama hasara ya mtu mmoja huweza kugeuka kuwa moto wa msituni. Baadhi ya viwanja hupiga marufuku jeti katika majira ya ukame.

Anayesimama karibu na injini pia hana usalama asipokuwa makini. Mbele, mvuto wa hewa huweza kunyakua kitambaa, kamba ya kofia au kokoto. Nyuma, hewa moto huunguza. Kando, usawa na magurudumu yanayozunguka, ndipo vipande vingerukia iwapo gurudumu lingepasuka. Watazamaji hutakiwa kuwa mbali na pande zote hizo.

Redio inapokatika

Zamani kila rubani alitumia chaneli yake, na wawili wakiwasha redio za chaneli moja, mmoja wao alipoteza ndege. Vilabu viliweka ubao wenye vibanio, na hakuna aliyeruhusiwa kuwasha redio bila kuwa na kibanio cha chaneli yake mkononi. Tangu miaka ya 2000, redio za masafa ya gigahezi 2.4, ambazo hujitafutia nafasi zenyewe, zimeipunguza hatari hiyo pakubwa. Hazijaimaliza. Betri hufa, nyaya hulegea, na nyuzi za kaboni katika kiwiliwili huweza kuzuia mawimbi.

Ndiyo sababu sheria za vyama huamuru kwamba mawasiliano yakikatika, ndege ijizime injini yenyewe. Bora ianguke ndani ya uwanja kuliko kuendelea kuruka bila bwana.

Matukio mawili nchini Uingereza yanaonyesha uzito wa jambo hili, ingawa hakuna hata moja lililohusisha injini ya jeti. Mwaka wa 2003, msichana wa umri wa miaka 13 alifariki baada ya kugongwa na ndege ya mfano katika eneo la Gloucestershire. Na mnamo Julai 4, 2019, chombo kisicho na rubani cha kilo 95, kinachotumia umeme, kilikataa kutii mwongozaji wake katika maonyesho ya Goodwood. Kidude cha dharura cha kukizima hakikufanya kazi. Chombo hicho kilipanda hadi futi 8,000, kikaingia katika anga ya ndege za abiria, na betri zilipoisha kikaanguka shambani, takriban mita 40 kutoka kwa nyumba zilizokuwa na watu.

Funzo la Goodwood liliwagusa wote wanaorusha vyombo vizito: haitoshi kuwa na kifaa cha dharura, lazima kithibitishwe kuwa kinafanya kazi.

Upo pia wasiwasi wa usalama wa taifa. Mnamo Septemba 2011, mkazi wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani alikamatwa kwa kupanga kujaza vilipuzi katika ndege za mfano zenye umbo la jeti za kivita, ili kushambulia makao makuu ya jeshi, Pentagon, na jumba la bunge la Capitol. Maafisa wa upelelezi walikuwa wamemfuatilia kwa kujifanya washirika wake, na mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 17.

Sheria zinasemaje?

Nchini Marekani, chama cha Academy of Model Aeronautics (AMA), kilichoanzishwa mwaka wa 1936, humtaka kila mwanachama anayetaka kurusha jeti apate idhini maalumu baada ya kufunzwa na kutahiniwa na wazoefu. Kanuni zake huweka kikomo cha kasi cha maili 200 kwa saa, takriban kilomita 320. Ndege inayozidi ratili 55, takriban kilo 25, hukaguliwa kwa utaratibu wa ziada. Aidha, serikali huwataka warushaji kujisajili na kufanya mtihani mfupi wa usalama.

Nchini Uingereza, ndege inayozidi kilo 25 haiwezi kuruka bila kibali cha mamlaka ya safari za angani. Mpango wa kuzikagua husimamiwa na chama cha Large Model Association. Mkaguzi huifuatilia ndege tangu inapojengwa, akitazama viungo, nyaya na mifumo ya dharura, kisha ndege hufanyiwa majaribio mbali na umati. Ni baada ya hapo tu ndipo huruhusiwa kurushwa mbele ya umma.

Humu nchini, kanuni za mwaka wa 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani huwapa Mamlaka ya Safari za Angani (KCAA) jukumu la kusajili vyombo hivyo na kutoa kibali kabla ya kuingizwa nchini. Kanuni hizo huweka kikomo cha futi 400 kutoka ardhini na umbali wa mita 50 kutoka kwa watu na majengo. Anayeagiza jeti kutoka ng'ambo bila kibali anaweza kuipoteza forodhani kabla haijaona anga.

Kuna jambo jingine ambalo Mkenya anapaswa kulijua. Nairobi iko katika mwinuko wa karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ya Mombasa. Injini hupata hewa kidogo, mbawa hubeba kidogo, na ndege huhitaji uwanja mrefu zaidi ili kupaa na kutua. Ndege inayoruka vyema katika pwani huenda ikamaliza lami kabla ya kuinuka jijini.

Anayetaka kuanza

Wazoefu hukubaliana kwamba jeti haifai kuwa ndege ya kwanza ya mtu yeyote. Anayeanza hufunzwa kwa ndege nyepesi ya povu inayotumia umeme, ambayo ikianguka hugundishwa kwa gundi na kuruka tena. Kisha huhamia kwa ndege za kasi zaidi, na mwishowe kwa jeti ya mafunzo akiwa ameunganishwa kwa redio ya pili iliyo mikononi mwa mwalimu, ambaye anaweza kuchukua usukani mara moja mambo yakienda mrama.

Vilevile, haifai kumnunulia mtu jeti asiyeweza kumudu kuipoteza. Rubani anayeiwazia bei ya ndege yake hujaribu kuinusuru hata pale anapopaswa kuizima injini na kuiacha ianguke mbali na watu. Katika sekunde hizo chache, Sh2 milioni si kitu mbele ya uhai wa mtazamaji mmoja aliyekuja uwanjani na wanawe kufurahia Jumapili yake.